Pua Yangu na Tiyo ya Kalunguta

Siku mliyoniaga pale uwanjani mlinipa kitenge na sufuria mbili, mkaniomba niwaandikie mambo ya kazi, kwa sababu mimi ndiye niliyebaki kati ya wale waliomwona Mzee Salumu akiwasha mashini kwa mara ya kwanza. Sufuria ni za aluminiamu. Maisha yangu yote nimetengeneza vitu vya plastiki, ninyi mnanipa aluminiamu. Nilicheka tu, nikashukuru. Haya, ninaandika. Asiye na hamu ya kusoma habari za bidoni zilizopasuka aweke karatasi chini akaendelee kuchambua.

Nilifika kwenye atelie, karakana yetu hapa Butembo, mwaka mmoja kabla ya vita vya kwanza vya Kongo, nimevaa viatu vya kanisani, kwa sababu mama yangu aliamini mtu haendi kuomba kazi na ndala. Mzee Salumu aliviangalia viatu kwa muda mrefu kuliko alivyoniangalia mimi. Alikuwa Mwislamu wa Beni, wa ukoo wa wenye malori, na yeye mwenyewe alikuwa na lori mpaka lilipozama mara ya mwisho kwenye matope ya barabara ya Manguredjipa. Aliliacha huko fremu tu. Injini, mabomba, vyuma na boliti alivirudisha kidogo kidogo, na kwa vitu hivyo akatengeneza mashini ya kugeuza bidoni mbovu, madumu ya plastiki, kuwa tiyo, yaani mabomba ya maji. Watu walimwambia lori limemtia wazimu. Alijibu kwamba lori likishindwa kutembea, basi litembeze maji.

Hakuniuliza nimesoma mpaka wapi. Alinipa vipande viwili vya plastiki, kimoja cha bidoni ya mafuta, kingine cha beseni, akaniambia nivikunje. Cha bidoni kilikunjika kikarudi bila kovu. Cha beseni kilipiga weupe pale kwenye mkunjo, kisha kikavunjika mkononi mwangu. Nikafikiri nimeharibu mali ya watu siku ya kwanza.

“Umeona?” akasema. “Hizi mbili hapana kulala kitanda moja. Ukizilalisha pamoja, tiyo itapasuka, na bale batu balinunua batakuja kututafuta.”

Hilo ndilo somo la kwanza, na mpaka leo ninawaona baadhi yenu mkilisahau kila Ijumaa mnapokuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Bidoni na bidoni, beseni na beseni. Chupa za maji zinazozama kwenye ndoo si zetu, zitupeni pembeni. Na mkiwa na mashaka, chomeni kipande kidogo kama ukucha, kizimeni, mnuse moshi. Bidoni inanuka kama mshumaa uliozimwa. Tiyo ya kupitishia waya za umeme inachoma koo, na ikiingia kwenye mashini inaharibu kila kitu.

Mimi nilizaliwa na pua. Nyumbani mama alikuwa ananiita ninuse kasikisi, pombe yetu ya ndizi, kwenye mtungi, nimwambie kama imeiva au bado siku moja. Kwa hiyo kabla ya wiki kwisha Mzee Salumu alinitoa kwenye kukatakata kwa panga, akaniweka mchambuzi. Kila bidoni iliyoingia ilipita kwangu. Nilifungua mdomo wake, nikaweka pua, nikasema ilibeba nini. Ya mawese ilikuwa nzuri, ilihitaji maji ya moto tu. Ya kasikisi nzuri pia. Ya esansi, petroli ya magari, ilikuwa marufuku kwa kazi ya maji, kwa sababu esansi inaingia ndani ya nyama ya plastiki na haitoki tena, hata uisage na kuiyeyusha mara mbili. Hizo tuliziweka kando, tukatengeneza vigingi vya kufungia mbuzi. Mbuzi hawakulalamika.

Ninyi mmezoea mashini yenye saa na taa. Ile ya kwanza ilikuwa bomba nene la chuma lenye parafujo kubwa ndani, tuliyoipata kwenye kamulio la mawese. Chini yake makaa, nyuma yake injini ya mazutu, ile dizeli ya lori, mbele yake kinywa cha shaba alichokichonga Mzee Salumu mwenyewe. Vipande vilivyosagwa kwenye kinu cha mihogo viliingia juu, vimekaushwa juani mpaka havina hata tone, maana tone moja ni povu, na povu ni tundu. Tiyo ilitoka laini na ya moto, ikapita kwenye mfereji wa maji baridi, na hapo mwanamke mmoja aliishika akaivuta akirudi nyuma. Ukivuta haraka inakuwa nyembamba, ukichelewa inavimba kama mguu wa mgonjwa.

Saa hatukuwa nayo. Tulivuta kwa rozari: hatua moja, Salamu Maria moja. Hatua hamsini zilitoa tiyo ya mita ishirini na tano, tukaizungusha, hiyo ni rulo moja. Rozari moja, rulo moja. Siku moja mama mmoja mgeni alisali haraka, kama wanavyosali watu wakiwa na njaa kwenye matanga, na rulo yake yote ilikuwa nyembamba kama jani la kitunguu. Mzee Salumu aliirudisha kwenye kinu. Kesho yake alisimama karibu naye na kuongoza sala yeye mwenyewe, pole pole, na makumi yote matano hakukosea hata moja. Nilimuuliza kama imamu wake anajua. Akasema imamu naye anataka tiyo isiyopasuka.

Vita vya kwanza vilipita juu yetu, tukafunga wiki kadhaa, tukafungua. Watu wenye bunduki walikuja mara tatu kutafuta injini. Kila mara Mzee Salumu alikuwa ameishafungua pompi ya mazutu na kuitupa ndani ya gunia la plastiki chafu, na injini bila pompi ni jiwe tu. Walipiga teke magunia, wakaziba pua, wakaondoka. Ndiyo faida ya kukaa kati ya takataka.

Sasa niseme jambo ambalo wengi wenu hamlijui. Kati ya vita vya kwanza na vya pili, pua yangu ilianza kufa. Ni moshi. Miaka ile hatukufunga kitambaa, hatukuwa na ukuta ulio wazi kama ninyi. Tulikaa juu ya mashini tukimeza kila kilichotoka. Kwanza nilipoteza harufu ya sabuni, kisha ya vitunguu. Siku moja wali ukaungua jikoni nami nimekaa karibu nao, mpaka watoto wakapiga kelele. Niliogopa sana. Mchambuzi bila pua ni nini? Nikawa ninajificha. Nilikunja vipande, niliangalia rangi ya moto, nilimuuliza mwenzangu kwa utani, “Wewe unasema hii ilibeba nini? Tuone kama umejifunza,” na alichosema ndicho nilichosema. Nilidanganya hivyo zaidi ya mwaka mzima, na kila siku ambayo haikuleta shida ilinipa moyo wa kudanganya siku nyingine.

Ya miaka ya baada ya vita mliyaona wenyewe au mlisimuliwa. Kwa hiyo ninamaliza na habari ya Kalunguta.

Ilikuwa wakati wa vita vya pili. Kule Kalunguta kulikuwa na materinite juu ya kilima, nyumba ya kuzalia ya vyumba vitatu, iliyoshikwa na muuguzi mmoja, Mama Masika. Maji yalikuwa chini bondeni. Kwa desturi, mwanamke akija kuzaa, ndugu zake ndio walioshuka na bidoni kumchotea. Lakini watu wenye bunduki walikuwa wameweka kituo chao kwenye njia ile ya bondeni. Msichana mmoja alishuka asubuhi kuchotea shangazi yake maji ya kuzalia, na hakurudi mpaka siku ya tatu. Aliporudi hakusema alikuwa wapi, na hakuna aliyemuuliza. Tangu hapo Mama Masika alikataza mtu yeyote kushuka. Walizalisha kwa maji ya mvua, na mvua zilikuwa zinakwisha.

Upande wa pili wa kilima, juu zaidi, kulikuwa na chemchemi ndogo ambayo njia yake haipiti kwa wale watu. Ilikuwa mbali mita mia sita. Tiyo za kutoka nje hazikufika tena. Mama Masika alitutumia habari, na Mzee Salumu akasema rulo ishirini na nne tutazitoa.

Tulipotangaza kanisani kwamba tunatafuta bidoni mbovu kwa ajili ya materinite, watu walileta nyingi kuliko tulivyowahi kuona. Na walizileta safi! Ninyi mnajua mila zetu: chombo cha mtu hakirudi kichafu, na cha kwenda kwa mama mzazi ndiyo kabisa. Akina mama walizisugua kwa majivu, wakazisuuza, wakaziloweka na majani ya mchaichai usiku mzima. Baadaye nilikuja kujua kwamba mama mmoja aliyeuza esansi kando ya barabara alileta zake nne, amezisugua siku tatu mfululizo. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka tu asione aibu mbele ya wengine. Nilimuuliza mwenzangu, kwa utani ule ule wangu, zilibeba nini. Alinusa akasema, “Mchaichai.” Nami nikasema zipite. Mwenye pua nzima angechoma kipande na kugundua. Mimi nilichoma kipande, nikaangalia moto, nikatikisa kichwa kama mtu anayejua.

Tulivuta rozari ishirini na nne. Chukudu tatu, zile baiskeli za mbao za kusukuma mizigo, zilipeleka rulo Kalunguta, wanaume wa huko wakachimba mfereji, kwa sababu tiyo ya namna yetu jua linaiua. Wakaunga viungo kwa vipande vya bomba la chuma na kuvifunga kwa mipira ya ndani ya baiskeli. Maji yakafika. Wiki haikwisha, ikaja barua ya Mama Masika, mistari miwili: “Maji ya tiyo yenu inanuka esansi. Mimi hapana kupatia mwanamuke wa kuzaa maji ile. Mukuye muangalie.”

Mzee Salumu aliniambia twende wote, kwa sababu mimi ndiye pua. Tulitembea kwa miguu tangu alfajiri. Njiani kwenye kizuizi askari mmoja alituuliza tunakwenda wapi, na Mzee akajibu kwamba tunakwenda kunusa maji. Askari aliwaita wenzake waje wamwone, wakacheka, tukapita.

Mpango ulikuwa mwepesi. Kufungua kiungo kimoja kimoja kuanzia juu, kunusa maji yaliyolala ndani, kutafuta rulo iliyooza. Nilipiga magoti kwenye kiungo cha kwanza. Mzee akafungua mpira. Nikaweka pua. Sikusikia kitu. Kiungo cha pili, hakuna kitu. Cha tatu, cha nne. Tulifika cha tisa. Mzee Salumu aliniangalia akasema basi ni ile ya chini zaidi, na mimi nikaona kwamba ninaweza kuonyesha rulo yoyote, kusema hii, na kurudi nyumbani. Angeamini. Na yule msichana, au mwingine kama yeye, angeshuka tena bondeni na bidoni kichwani.

“Mzee,” nikasema, “pua yangu hapana kusikia tena. Iko zaidi ya mwaka. Nilikuwa ninakudanganya.”

Alifuta mikono yake na kipande cha mpira. Nilingoja anitukane, ningependa angenitukana. Mwishowe akasema, “Kyakimwa, mficha uchi hazai. Na tuko hapa mbele ya materinite.” Kisha akauliza pale ni nani mwenye pua, kwa sababu yake ilikuwa imejaa mazutu tangu ujana.

Mama Masika alikuwa na mwanamke ndani, hangeweza kutoka. Barazani alikaa mwanamke mwingine, Kahambu, mimba ya kwanza, miezi minane na zaidi. Nilimsalimia. Badala ya kuitikia aliziba uso kwa kitenge akasema, “Ule muzee asimame kule mbali. Ananuka mazutu.” Mzee alikuwa bado hatua ishirini kutoka kwetu.

Mimi na Mzee tuliangaliana. Wote tuna watoto, wote tunajua mimba inavyofanya pua ya mwanamke. Nilimweleza Kahambu tunachotafuta, sikumficha chochote, hata la pua yangu. Aliinuka. Dada yake mdogo, aliyekuwa nyuma yake kwenye mkeka, aliinuka naye akamshika mkono. Baadaye Mama Masika aliniambia kwamba yule dada ndiye msichana wa zile siku tatu. Alimshikilia Kahambu mfereji mzima, mita mia sita, pole pole.

Kahambu hakuhitaji hata kuinama sana. Alisimama juu ya kila kiungo na kusema, “Hapana. Hapana. Hapana.” Kwenye cha kumi na nne alitema mate, akageuka akatapika. Cha kumi na tano vile vile. Vingine vyote vilikuwa safi. Rulo mbili.

Tulizitoa. Lakini hatukuwa na plastiki ya kuziba mita hamsini. Barabara ya Beni ilikuwa imefungwa, wakusanyaji wetu hawakuweza kuja, na magunia yaliyobaki Butembo yote yalikuwa yamepita chini ya pua yangu, kwa hiyo hayakuaminika. Nilisimama mbele ya akina mama wa Kalunguta nikawaambia ukweli huo, na kwamba njia iliyobaki ni wao kutoa bidoni zao nzima, zile wanazochotea. Mama Masika alikuwa ametoka, mikono bado na maji. Aliuliza swali lililokuwa kwenye macho ya wote.

“Kama tunatoa bidoni na tiyo inakatala tena, tutachota maji na nini?”

“Sijue,” nikamjibu. “Lakini bila bidoni hapana tiyo.”

Waliondoka mmoja mmoja. Nilidhani yamekwisha. Kisha mmoja akarudi na bidoni, na mwingine, na mwingine. Nilikuwa nimewaomba wasizioshe, na hilo liliwaumiza kuliko kuzitoa. Walizifunika kwa vitenge kama mtu anavyofunika mtoto aliye uchi. Kahambu alinusa kila moja. Mawese. Kasikisi. Kasikisi. Maharage. Kwenye moja alirudisha kichwa nyuma akasema, “Esansi,” na mwenye bidoni akaapa kwamba haijawahi kubeba esansi. Jioni ile mume wa mama yule alikuwa na maswali ya kujibu. Ya mwisho ilikuwa yake Kahambu mwenyewe, mpya, ya njano, aliyoinunua kwa ajili ya mtoto.

Kuivunja bidoni nzima ni kazi inayouma mkono. Tulirudi nazo Butembo, tukazikata, tukazisaga, tukazikausha, nami nikavuta rozari mbili mwenyewe, na sijawahi kusali hivyo tena. Siku ya tano tulikuwa Kalunguta. Tuliunga, tukafungulia, tukafunga, tukaacha maji yalale ndani siku nzima, maana maji yanayopita haraka hayana muda wa kuonyesha kasoro.

Kesho yake tulipokwenda kumwita Kahambu aje anuse, tulimkuta ndani, uchungu umemkamata tangu asubuhi. Mama Masika alisema hawezi kusubiri tena, anahitaji maji sasa. Alikinga kikombe kwenye bomba la nje, akaniletea mimi kwa mazoea, kisha akakumbuka. Akaingia nacho, nami nikasimama mlangoni. Kahambu alingoja maumivu yapite, akanyanyuka kwa kiwiko, akaweka pua juu ya kikombe, akakaa hapo muda. Akanywa kidogo. Akanywa chote.

“Leta ingine,” akasema.

Dada yake alichukua kikombe, akapita karibu yangu, akatoka nje. Kutoka mlangoni mpaka kwenye bomba zilikuwa hatua kumi na mbili. Nilimwangalia akienda, akijaza, akirudi.